Mkono wa Kushoto

Machi imeingia na joto la kukaanga,
kunguru wa Tabata wanatembea midomo wazi.
Mbingu nyeupe, kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga,
hakuna wingu hata la kusingizia.
Lakini jongoo wameanza kupanda ukutani,
na jongoo, Kondo, hangoji taarifa ya habari.

Nimekutoa, nimekuweka barazani,
mto mgongoni, kanga miguuni.
Mkono wa kulia umelala pajani kama mgeni aliyechoka.
Wa kushoto uko kazini.
Huo ndio nyapara wangu siku hizi:
ukinyooka, ni mtaro;
ukizunguka, ni samadi;
ukigonga kiti mara mbili,
mwanamke, umekosea.

Mtaro naujua. Pale ukutani pana mstari
wa rangi ya chai ya maziwa, usawa wa goti langu,
maji ya mwaka juzi yalitia saini yakaondoka
na ndoo mbili, na mitetea mitatu, na godoro la mgeni.
Basi nimezibua. Nimetoa mifuko, vizibo,
ndala moja isiyo na mwenzake,
na gololi ya Shukuru. Ile ya kijani!
Aliyoililia siku mbili, tukamwambia kuku kaimeza,
naye akamkazia macho yule kuku mwezi mzima.
Shukuru sasa ana mvi, anauza vipuri Mpanda.
Nimeisuuza. Iko kwenye kikombe cha funguo.

Kisha nikaenda kwa Mloka.
Usinitazame hivyo.
Mabati yake yanatema kwetu, hilo halina ubishi,
wewe ulimnunia miaka kumi na mmoja
na maji hayakujua kama umenuna.
Nilimkuta na jembe begani, akadhani ni ugomvi.
Nikamwambia, shika.
Tulichimba mpaka adhana ya alasiri,
yeye upande wake, mimi wangu,
tukakutana chini ya ukuta kama panya wawili.
Amekusalimu.
Mkono haukugonga. Mkono ulikuna goti.

Viroba vya saruji nimevijaza udongo na mavi ya kuku,
kumi na vinne, vimejipanga kama wanafunzi mstarini.
Mchicha humo. Matembele kando ya bomba,
bamia pale jua linapopiga bila kuombwa.
Mpapai dume nimeukata,
na ugonge kiti mpaka kivunjike:
miaka minne ya maua, tunda hata la dawa hatujaonja.

Ila wewe unaonyesha kona.
Tangu asubuhi, kona. Kona, kona.
Unataka muhogo.

Kondo, muhogo ni miezi tisa.
Mchicha ni wiki tatu, unachuma, unapika, unasahau.
Sikukwambia kwa nini mwaka huu
nimechagua vya kuiva upesi.
Daktari aliniita pembeni, akasema kwa sauti ya chini,
nami nikarudi, nikanunua mbegu za wiki tatu.

Mkono umenyooka. Hautetemeki.
Kona.

Haya.
Nimekwenda kwa Bi Chausiku, kanipa mti mrefu,
nimeukata kwa panga pingili nne,
utomvu ukanidondokea kidoleni, mweupe.
Nimelima kona. Udongo ni mkavu mpaka unafuka,
nimeunyunyizia maji ya kuoshea mchele.
Nimepiga magoti, pingili ya kwanza mkononi,
nikasikia kiti.
Mara mbili.

Nimeinuka, nimekuletea. Nini tena?
Umeichukua kwa kushoto,
ukaipapasa vifundo kwa kidole gumba, polepole,
kimoja, kingine,
ukaigeuza,
ukanirudishia.

Nilikuwa nimeishika kichwa chini.